Vidonge Ndani ya Debe la Unga

Kama ulikosa gazeti la Jumapili iliyopita, usijilaumu. Hukukosa kitu ila aibu yangu, na aibu yangu bado ipo ya kutosha hata kwa waliochelewa.

Mimi ni Wanja. Nasukuma chapati katika hoteli ya Muhiba hapa Kware, chini ya ploti ile ile ya vyumba vya kupanga ninayoishi. Nilianza kula "chakula cha mababu" siku kiti cha plastiki kiliponivunjikia kwenye chama cha kuweka akiba, mbele ya wanawake kumi na wanne, na mmoja wao akainama akasema, "Pole, kiti."

Video moja kwenye simu ndiyo iliyonifundisha. Watu wa kale hawakula ugali, mkate, maharagwe, maziwa wala sukari. Walikula nyama, samaki, mayai, majani na mizizi. Nikaacha yote niliyokuwa nakula. Samaki wangu alikuwa mgongo wazi, yule anayebaki mifupa wakishachukua minofu wenye pesa zao. Nyama ilikuwa miguu ya kuku. Na kila jioni maini, kwa sababu video ilisema ini lina kila kitu.

Nikapungua kweli. Sketi ikaanza kunizunguka kiunoni yenyewe. Wanawake wa ghorofa yetu ya nne wakaniuliza siri, nikawafungulia grupu kwenye simu, wakaanza kuniita Mwalimu.

Mwalimu! Mimi niliyeishia darasa la nane.

Na kwa kuwa mwalimu hakosi la kusema, niliwaambia kwa mdomo wangu huu: "Ukiona mtu anameza vidonge, jua chakula chake kimemshinda. Babu zetu walikuwa na kemisti wapi?"

Wiki mbili baadaye nikaangukia meza ya kukandia, uso ndani ya donge la unga.

Kizunguzungu. Misuli ya miguu inakaza kama kamba. Nikaenda kwa kemisti nimejifunika mtandio, kama mtu anayekwenda kununua kitu kibaya. Nikarudi na vitamini, madini ya chuma, kalsiamu kwa kuwa maziwa nimeacha, na tembe za mafuta ya ini la samaki. Ini juu ya ini. Nikaficha vyote ndani ya debe la unga. Nani angechungulia humo? Ploti nzima ilijua kwangu unga haukanyagi.

Dada wa kemisti alinionya jambo moja tu. "Mkojo utakuwa wa manjano, unang'aa kama soda. Usishtuke, ni vitamini inapita."

Mimi sikushtuka. Ilishtuka ploti.

Ghorofa yetu ina milango minane na choo kimoja. Maji huja mara mbili kwa wiki, kwa hiyo tuna sheria, imeandikwa mlangoni kwa kalamu nzito: haja ndogo, watu watatu ndoo moja. Wa kwanza hamwagi, wa pili hamwagi, wa tatu ndiye anayemwaga. Balbu iliungua tangu Krismasi. Unaingia gizani, unatoka gizani, na unachokiacha humo hakina jina lako.

Lakini mwenye zamu ya kuosha asubuhi huuacha mlango wazi, mwanga ukaingia. Jumatatu zamu ilikuwa ya Mama Gitonga wa mlango wa tano. Hapo ndipo nilipowaacha wiki jana, na yale mayowe yake.

"Njooni muone! Mtu humu ndani ini limeoza!"

Tukatoka wote. Gachanja, keateka anayeitunza ploti, mwenye funguo nyingi kuliko milango, akapenya mbele, akachungulia, akarudi nyuma ameziba pua ilhali hakukuwa na harufu.

"Hii si rangi ya mtu mwenye afya," akasema.

"Ni ini," Mama Gitonga akasema. "Mjomba wangu alianza hivi hivi. Kwanza mkojo, halafu macho."

Alipotaja macho, watu wote wakageuka wakamwangalia Anti Lydiah.

Anti Lydiah wa mlango wa sita hulea watoto wa wanawake wanaokwenda viwandani. Watoto kumi na mmoja, chumba kimoja, tangu kabla jua halijatoka mpaka jioni. Ndiyo kazi yake na ndiyo nyumba yake. Macho yake yana umanjano tangu nimjue. Ya mama yake yalikuwa hivyo pia.

"Mbona mnaniangalia mimi?"

"Hakuna anayekuangalia," Gachanja akasema, akimwangalia.

"Mzee, umenijua miaka sita. Macho yangu si ndiyo haya haya?"

"Miaka sita sijawahi kuona choo kikiwaka, Lydiah."

Kitoto cha Mama Gitonga kilikuwa kimefungwa mgongoni kwa Anti Lydiah, kimelala. Mama Gitonga alikwenda nyuma yake, akafungua leso, akakitoa kama mtu anayeipua sufuria.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na ndoo yangu. Nilihitaji maneno machache tu: ni mimi, ni vidonge. Nikafungua mdomo kabisa.

"Mwalimu," akaniuliza Jawahir wa mlango wa tatu, mwanafunzi wangu wa mstari wa mbele, "wewe unaonaje? Wewe unajua mambo ya mwili."

Hilo neno Mwalimu likanikwama kooni kama mwiba wa mgongo wazi.

"Labda," nikasema, "ni karoti."

Gachanja akapiga simu kwa mwenye ploti hapo hapo, akaweka sauti juu tusikie. Mwenye ploti hakutaka hadithi ndefu. Mgonjwa ajulikane kufikia Jumamosi. Asipojulikana, mwenye macho ya manjano ahame na watoto wake wa watu.

"Mmesikia," Gachanja akasema. "Jumamosi saa mbili asubuhi kila mlango ulete mkojo wake kwa chupa safi, juu kwenye paa. Chupa iwe na namba. Nitamwita Nuradin wa afya aje aangalie."

"Ati tubebe mikojo ngazini?" mtu akauliza.

"Si mnaibeba kila siku? Tofauti ni chupa."

Nilirudi chumbani nikajipangia mambo. Nikiacha vidonge leo Jumatatu, mpaka Jumamosi mkojo wangu utakuwa maji tu. Choo kitarudi rangi yake, Anti Lydiah ataonekana hana kitu, watu watasahau, na Mwalimu atabaki Mwalimu. Hakuna atakayeumia.

Nilijiona nina akili za kunitosha na za kuazimisha.

Jumanne nilichungulia choo cha hoteli, ambacho kina taa. Manjano imefifia. Jumatano mkojo mweupe kama maji ya mvua. Nikasukuma chapati nikiimba.

Juu kwetu, watoto wa Anti Lydiah walikuwa wameshuka kutoka kumi na mmoja hadi mmoja.

Jioni ile akanibishia hodi. Alikuwa amembeba huyo mmoja kiunoni, ambaye mama yake hakuwa na mahali pengine pa kumpeleka.

"Wanja wangu, una unga kidogo? Nimpigie huyu uji, mama yake amechelewa kazini."

"Anti, si unajua mimi unga..."

"Najua huli. Lakini debe si hili hapa? Hata kama ni wa zamani, nitachekecha."

Kabla sijafika alikuwa amelinyanyua. Debe likalia: *cha-ka-cha-ka*.

Akalitikisa tena, taratibu. "Wanja, mbona unga wako unalia?"

"Ni... ni njugu."

"Njugu? Si wewe uliyetutumia ujumbe kwamba njugu ni ndugu wa maharagwe, mababu hawakuzigusa?"

"Si zangu. Ni za kutegea panya."

Anti Lydiah akanitazama. "Kwa hiyo humu ndani panya peke yake ndiye hafuati dayeti?"

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu kumsikia akicheka, nami nikacheka naye, huku nimelikumbatia debe kama mtu aliyekabidhiwa mtoto.

Kisha akaketi kitandani, na kicheko kikamwisha usoni.

"Nifundishe hicho chakula chako," akasema. "Nianze leo. Kinisafishe ini."

"Anti, wewe si mgonjwa."

"Unajuaje? Nimeanza kuamini, mwenzangu. Watu wanane wakikuambia unaumwa, unaanza kusikia maumivu. Hapa. Hebu shika."

Akauchukua mkono wangu akauweka chini ya mbavu zake. Sikusikia kitu isipokuwa mwanamke ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi. Na debe liko mapajani mwangu. Ningelifungua tu, asiniulize tena chochote.

Unajua nilifanya nini? Nilimpa maini yangu ya jioni.

Akanishukuru. Akaniambia Mungu anibariki kwa kujinyima. Ukweli ni kwamba siku hizo hata harufu ya maini ilikuwa inanichefua. Nilikuwa nimetafuta mtu wa kunisaidia kuyamaliza.

Alhamisi zamu ilikuwa ya Jawahir. Nilimsikia akiuacha mlango wazi, nikatulia kitandani nikingoja kusikia kwamba choo kimepona.

"Subhanallah!" Jawahir akapaza sauti. "Njooni! Leo kinawaka kuliko Jumatatu!"

Nikatoka mbio. Nikachungulia kwa macho yangu mwenyewe. Manjano, inang'aa, unaweza kusomea.

Na mimi nilikuwa na siku tatu sijameza kidonge.

Kumbe mgonjwa yupo kweli! Kumbe nilikuwa najitesa bure, nikidhani ni mimi, na Anti Lydiah ini linakwisha kweli!

Sasa msome nilichofanya, maana nimeahidi gazeti hili kwamba sitaficha. Niliuchukua ule mkono nilioshikishwa ubavu, nikausugua kwa sabuni mpaka kiwikoni. Aliponisalimia ngazini, nikainua mikono juu nikamwambia imejaa unga. Haikuwa na unga. Aliiona haina unga.

Halafu nikaandika kwenye grupu: "Wapendwa, tuwe waangalifu na vyombo vya watu." Wakaniwekea vidole gumba saba.

Ijumaa nilichoka kama niliyebeba ngamia. Mwili ulikuwa unawasha, na mafuta ya kukaangia yalikuwa yananikimbiza jikoni. Muhiba, mwenye hoteli, aliinua chapati yangu moja, akaigeuza, akaitazama kwa huruma.

"Wanja mwanangu, chapati zako leo zimelala kama wewe. Wauguaje?"

"Ni njaa tu, mama. Chakula cha mababu."

"Hao mababu zako wote washakufa, wajua?"

Wateja wakacheka. Mimi pia. Nilipokwenda choo cha hoteli nikaona mkojo umekolea tena, lakini si manjano ile ya soda, ni rangi nyingine. Nikasema ni joto la jiko, leo sikunywa maji. Kila kitu nilikuwa nina jibu lake. Mwalimu hakosi la kusema.

Jumamosi saa mbili tulipanda paani. Nguo za watu zimeanikwa, matangi meusi yamejipanga, na juu ya ukuta chupa nane na namba zake. Yangu nilikuwa nimeijaza gizani, nikaifunga kwa gazeti ili nisiaibike ngazini. Gazeti hili hili unalosoma. Mhariri anisamehe.

Anti Lydiah alisimama kando peke yake, mikono kifuani. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Chini, mlangoni kwake, nilikuwa nimeona sanduku limefungwa kamba.

Nuradin, mhudumu wa afya wa mtaa, akafika na begi lake mgongoni. Alipoona ukuta akasimama.

"Mzee Gachanja, nilikuambia mwenye wasiwasi aende zahanati. Sikukuambia unifungulie soko."

"Angalia tu, daktari. Tuonyeshe mgonjwa."

"Mimi si daktari." Lakini akaangalia. Akapita chupa ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya tano, ya nane. Zote tano zilikuwa zinang'aa juani kama soda ya nanasi. Akaiinua ya Anti Lydiah, namba sita. Ilikuwa ya kawaida kabisa.

Nuradin akaanza kucheka.

"Watu watano wameoza ini kwa wiki moja? Haya. Nani hapa anameza vitamini?"

Nguo zikapigwa na upepo. Kisha nikaona kitu ambacho sikukitegemea: wanawake wote wananiangalia mimi. Na si kwa kunishuku. Kwa hofu.

"Mwalimu," Jawahir akasema kwa sauti ndogo, "nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Mwezi wa pili huu nameza. Nilikuwa naanguka, Mwalimu. Nimezificha ndani ya mkoba wa msahafu, ili usije ukagusa."

Wa mlango wa kwanza akainua mkono. Zake zilikuwa ndani ya kiatu. Wa mlango wa nne, chini ya godoro. Wa nane akasema mumewe ndiye anayemfichia, na hata yeye ameanza kumeza.

Akabaki Mama Gitonga, yule yule aliyeanza mayowe. Alikuwa anatazama matangi.

"Mama Gitonga," Gachanja akasema, "namba tano ni ya nani?"

"Mimi sikujua kwamba ni yangu!" akafoka. "Kila nikiingia nakuta kumeshakuwa manjano! Mtu anajuaje yake gizani?" Halafu akashusha sauti. "Ziko ndani ya debe la unga."

Watu wakaangua kicheko mpaka wa ploti jirani wakatoka nje kutazama. Jawahir alikuwa anajifuta machozi. "Tulikuogopa wewe, Mwalimu! Si ulisema babu zetu walikuwa na kemisti wapi?"

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshapona kabisa. Ningetabasamu kama mwalimu aliyewasamehe wanafunzi wake, nikashuka zangu.

Lakini Anti Lydiah alikuwa hacheki. Alikuwa analitazama debe akilini mwake, niliona.

"Hata mimi," nikasema. "Na mimi zilikuwa kwenye debe la unga. Na mimi nilijua rangi ile ni ya nini. Kemisti aliniambia. Nilijua tangu Jumatatu."

Kicheko kikakatika.

"Ulijua?" Anti Lydiah akauliza.

"Nilijua."

"Nilipokushikisha ubavu wangu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Anti. Nisamehe. Kuanzia leo sitamdanganya mtu tena, mkubwa wala mdogo."

Hakunitukana. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepata jibu la fumbo la zamani. "Ndiyo maana unga ulilia," akasema, akanipa mgongo.

Mama Gitonga akamfuata. Bila kumtazama usoni, akamwekea kitoto chake mgongoni, akakifunga leso mwenyewe, fundo mara mbili. "Jumatatu nitakuletea mapema," akasema. Wengine wakasema wataleta pia. Gachanja akakohoa akasema yeye ndiye atakayelifungua sanduku lile, asijisumbue. Akaahidi na balbu.

Watu wakaanza kushuka. Nikabaki kidogo paani, nikijisikia mwepesi kuliko dayeti yoyote. Nimesema ukweli, na bado nimesimama!

Nuradin alikuwa anazikusanya chupa. Akafika kwenye yangu, akavua gazeti.

Akaiinua juani. Akaigeuza. Akaacha kutabasamu.

Ilikuwa kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni.

"Mlango wa saba ni nani?"

"Ni mimi."

"Dada, njoo hapa kwenye mwanga. Angalia juu."

Nikaangalia juu. Akayatazama macho yangu kwa muda mrefu, la kulia, kisha la kushoto.

"Mwili unakuwasha?"

"Kidogo."

"Na wewe umesema unameza vitamini."

"Si nimetangaza mbele ya watu?"

"Ulimeza lini mara ya mwisho?"

Jumatatu. Leo ni Jumamosi. Niliuona mwenyewe mkojo ukirudi kuwa maji ya mvua, Jumatano, kwenye choo chenye taa.

Juu ya ngazi Anti Lydiah alikuwa amesimama na mtoto mgongoni. Aligeuka akanitazama, mara ya kwanza tangu anipe mgongo. Alikuwa ananitazama macho.

Kutoka chini, Muhiba akapaza sauti. "Wanja! We mtoto! Watu washajaa, unga haujakandwa! Nawa mikono uje!"

Watu sitini hula mikononi mwangu kila Jumamosi.

Nuradin alikuwa bado anangoja, chupa mkononi. Ahadi yangu ya kutodanganya mtu, mkubwa wala mdogo, ilikuwa haijamaliza hata robo saa.

"Leo asubuhi," nikamwambia, nikashuka kukanda unga.